Mtupo wa Ndoo

Kabla hajawa mkurugenzi wa kiwanda cha magodoro, na kabla hajainunua timu ya kikapu ya wanawake, mama huyu alikuwa kibarua pale pale kiwandani, na mwanamke wa kwanza kuichezea timu ya kazini iliyojaa wanaume tupu. Jioni alifanya mazoezi ya mitupo ya adhabu na binti yake mchanga mgongoni. Akiinua mikono juu, kitambaa kinalegea, mtoto anateleza. Basi akazoea kutupa kwa chini: anakunja magoti, mpira anaushika kwa mikono miwili, kisha anaurusha kama mtu anayemwaga ndoo ya maji. Ulikuwa ukiingia. Lakini watu walicheka mpaka wakashika mbavu, wakambandika jina la Mama Ndoo.

Kicheko kile hakikumtoka. Binti alipoanza kucheza, alimkanya mapema: "Wewe mwanangu tupa kwa juu, kama wenzako. Ndoo niachie mimi."

Leo binti huyo amevaa jezi ya timu ya mama yake, na timu iko ukingoni. Wakifungwa wanashuka daraja, na bodi ya kiwanda inaacha kuwadhamini.

"Mama, timu yako inalala kuliko magodoro yetu," mwenyekiti wa bodi alimnong'oneza jukwaani.

"Subiri, mzee. Hata godoro hubonyea kabla ya kuinuka."

Filimbi ikalia. Binti amechezewa vibaya, muda umekwisha, wako nyuma kwa pointi moja. Mitupo miwili. Naye tangu mchezo uanze, kila mtupo wake wa adhabu umegonga chuma ukatoka nje.

Binti akaudundisha mpira, akageuka kumtafuta mama kwa macho. Mama akamwona mtoto yule yule wa mgongoni, anayeteleza.

Akasimama. Mbele ya bodi nzima, na suti yake ya ofisini, akakunja magoti, akashusha mikono miwili katikati, akaipandisha.

"Mama Ndoo!" sauti ya kizee ikapasuka nyuma. Jukwaa likaangua kicheko. Hakukaa. Akarudia tena, taratibu, binti aone vizuri.

Binti akatabasamu. Akakunja magoti.

Wa kwanza ukazunguka juu ya pete, ukafikiri, ukaingia. Kicheko kikakatika kama kimezimwa swichi. Wa pili haukugusa hata chuma, wavu ulisema "fyu!" tu, na ukumbi mzima ukalipuka.

Wachezaji walimbeba binti juu juu. Mama alilia bila kujifuta, kiatu kimoja hajui kimeangukia wapi. "Ndoo! Ndoo! Ndoo!" watu waliimba, na safari hii jina lilimkaa kama nguo iliyopimwa.

Mwenyekiti naye alikuwa amesimama, anajaribu kukunja magoti yake magumu.

"Hebu nionyeshe tena, mama. Mtu anaanzaje?"

"Kwanza, mzee, beba mtoto mgongoni."