Kwetu

Miaka arobaini na moja Fumie Nishiwaki alimsikia mumewe akisema "kwetu", na kila mara ilimbidi akisie ni wapi. Kwa Tetsuji, kwetu palikuwa nyumbani, na kwetu palikuwa kiwanda cha mizani cha Hoshida. Siku Fumie alipomzaa Yoshie, binti yao wa pekee, Tetsuji alipiga simu hospitali kusema atachelewa, kwetu kuna wageni. Fumie hajawasahau wageni hao mpaka leo.

Sasa Tetsuji alikuwa mstaafu. Kiharusi kilimlaza hospitali wiki sita na kumchanganya kumbukumbu. Asubuhi moja alimshika mkewe mkono akamwambia, "Nirudishe kwetu."

Fumie alilia kwa furaha, wala hakuona haya mbele ya wauguzi. Alianika magodoro, akapika supu ya miso, ile ya soya iliyochachushwa, na chaza wadogo, aliyoipenda mumewe, akaenda kumchukua kwa teksi.

Walipofika, Tetsuji aliketi hapo mlangoni pa kuvulia viatu. Viatu hakuvua.

"Baba Yoshie, ingia ndani, supu inapoa."

"Asante sana, mama," alijibu kwa adabu ya mgeni. "Nasubiri gari la kwetu."

Supu ikapoa. Saa sita akaja Hatanaka, aliyekuwa fundi mwenzake kiwandani, na fomu ya kampuni. Kampuni ilikuwa na kaburi la pamoja la wafanyakazi wake juu ya mlima mtakatifu wa Koya, na kila mwaka marehemu wake husomewa majina huko. Fomu iliomba idhini ya familia, ili mzee akifa na kuchomwa, sehemu ya mifupa yake ipelekwe huko. Fumie alishaikataa mara mbili.

"Mmekaa naye akiwa mzima, mimi nikabaki na sahani zake," alisema. "Na akifa mnamtaka tena? Hamshibi nyie?"

"Shemeji, mimi mleta karatasi tu, usinimalize."

"Mlimpa nini huko?"

Hatanaka alijikuna kichwa. "Kazi ngumu na bosi mwenye kisirani. Ila kila asubuhi tuliitwa majina. Usipoitika, mtu anatumwa kwako kuona kama uko hai." Akamtazama. "Kwani wewe unamwitaje?"

"Baba Yoshie."

"Na Yoshie yuko wapi?"

"Sapporo. Mwaka wa kumi na mbili huu."

Fumie akaenda kusimama nyuma ya mumewe. Jina lake mwenyewe hakuwahi kulitamka tangu walipopata mtoto.

"Nishiwaki," aliita kwa sauti kavu ya msimamizi. "Nishiwaki Tetsuji."

Mzee alisimama, licha ya mguu wake mbovu, akanyooka wima. "Nipo!"

Uso ulimkunjuka ukawa wa kijana. Fumie hakuwahi kuuona uso huo ndani ya nyumba yake, na wivu ulimchoma hadi akashika ukuta.

"Umeshafika kazini," alisema. "Vua viatu uingie."

Akavua. Akala bakuli mbili za supu, akimsifu mpishi wa kantini. Fumie alitoa kabatini muhuri wake wa jina, ulio sahihi yake, akaugonga kwenye fomu.

"Na mke je, naye huzikwa huko?" aliuliza.

Hatanaka aliigeuza karatasi mbele na nyuma, akatafuta kwa muda mrefu. Hapakuwa na sehemu ya mke.