Viatu vya Nahodha

"Nahodha acheze," alisema Warren, akigonga meza ya plastiki kwa kidole. "Orodha yoyote isiyo na Brodie si orodha."

"Brodie ana miaka thelathini na sita," Leanne alimjibu huku akijifunga skafu yake vizuri. "Wiki iliyopita kila mtu alikuwa anampita tu. Kocha amwanzishe Kieran."

Siméon alikuwa nyuma ya dirisha la karakana, hatua tatu tu kutoka meza ile, ameshika kiatu cha huyo huyo Brodie. Mashine ya kunolea ameizima. Alikuwa anawasikia neno kwa neno, na wao walijua anawasikia, na wala haikuwashughulisha. Tangu lini mtu akamfichia maneno mnoa viatu?

Timu yao ya hoki ya barafu iliitwa Currawong, jina la yule ndege mweusi mwenye kelele anayewaamsha watu wa Sydney kila asubuhi. Imebakiza mechi moja, kesho Jumapili, dhidi ya timu ya Melbourne. Ikishinda inaingia nne bora. Ikishindwa, kila mtu akalale. Na kipa wa kwanza pamoja na walinzi wawili wako kitandani, vipimo vyao vya korona vimetoa mistari miwili. Ndiyo maana Jumamosi hii, mazoezi yamekwisha, mashabiki hawataki kwenda kwao. Kila mmoja kaandika kikosi chake nyuma ya boksi la chipsi na anakitetea kufa na kupona.

"Mimi wampange wamtakaye," alisema mmoja wao. "Tukishindwa, tushindwe kwa lolote, mradi isiwe viatu tena."

Wakacheka. Hawakucheka kwa sauti, walicheka kama watu waliokwisha kuizoea dhihaka hiyo mpaka haiwaumizi meno. Siméon akakipindua kiatu, akajifanya anatazama chuma.

Maneno hayo yalianza Agosti 2019, kwenye nusu fainali. Brodie alibaki peke yake na kipa, akaanguka. Hakuguswa na mtu. Currawong wakafungwa, wakatolewa, na Brodie alipotoka alivua kiatu akakitupia dirishani kwa Siméon, watu wote wanatazama. "Tumempa kazi mnoa mapanga," alisema. Siméon alikiokota. Makali yalikuwa yametafunwa, na ndani ya mtaro wa chuma kulikuwa na vumbi la zege. Siméon mwenyewe alikuwa amemwona Brodie kwa mlango wa nyuma, wakati wa mapumziko, anazungumza na simu kwenye maegesho ya magari, anakwenda na kurudi juu ya zege bila kuvisha vyuma vile kinga yake. Akasema. Kwa Kiingereza chake kile kile cha kuokoteza, akasema.

"Wewe ni mtu wa vyuma," Brodie alimwambia. "Miguu niachie mimi."

Na kile kiatu kikaenda kwenye pipa la taka, na ushahidi nao ukaenda.

Sasa, aibu ya michezoni huwa haina maisha marefu. Ikija mechi nyingine, watu wanapata mtu mwingine wa kumsema. Lakini hii haikupata mechi nyingine. Korona ikaja, msimu wa 2020 ukafutwa, na wa 2021 nao ukafutwa. Mashabiki wakakaa majumbani hawana cha kutafuna ila mechi ile ile ya mwisho, wakaitafuna miaka mitatu. Mtandaoni walikuwa na video ya Brodie anaanguka, na chini yake picha ya Siméon na aproni yake. Yeye wakati huo kafungiwa nyumbani Merrylands, magharibi ya Sydney, helikopta ya polisi inazunguka juu ya mapaa, binti yake Candide anamnyang'anya simu na kumwambia kwa Kiingereza aachane nayo. Aachane nayo vipi? Katika kambi ya wakimbizi Kigoma alinoa visu na majembe kwa jiwe lililozungushwa na baiskeli iliyopinduliwa, miaka kumi na moja, na hakuna mama hata mmoja aliyemrudishia kisu.

Akaweka kiatu cha kushoto kando ya cha kulia, chini ya taa.

Kisha akavitazama tena.

Chuma cha kulia kilikuwa kimelika upande wa ndani, kama inavyotakiwa, maana mchezaji husukuma barafu kwa upande huo. Cha kushoto kilikuwa kizima. Makali ya ndani yalikuwa vile vile alivyoyaacha juma lililopita, kana kwamba kiatu kilikaa rafuni. Siméon akapitisha ukucha, akausikia mkwaruzo mkali na safi. Mtu huyu hakuusukuma mguu wa kushoto wiki nzima. Alikuwa anauburuta.

Kibao cha kidirisha kilichotenganisha karakana na kantini kikafunguka. Hija, mwanamke wa Tanga aliyekuwa akikaanga chipsi za uwanja mzima, akapitisha kikombe cha chai ya tangawizi. Hakuwahi kumkosesha hata siku moja, hata siku zile watu walipokuwa wanampita Siméon bila salamu.

"Mzee Siméon, mbona umekodolea macho viatu kama vimekukopa?"

"Natazama tu, dada Hija."

"Haya, tazama. Chai isipoe."

Mashabiki walipokwisha kuondoka, Brodie akaja. Alikuwa anatembea vizuri, vizuri kupita kiasi, kama mtu anayehesabu hatua. Akaegemea dirisha.

"Simmo. Umeona?"

"Nimeona."

"Ni kifundo cha mguu. Kocha akijua ananitoa, na mimi huu ndio msimu wangu wa mwisho. Usimwambie."

Siméon alifuta mikono kwa kitambaa.  Alikuwa amelingoja neno moja kutoka kwa mtu huyu kwa miaka mitatu, na sasa mtu mwenyewe kasimama hapa, anaomba.

"Mwaka ule ulitembea kwenye zege," alisema.

Brodie akacheka kidogo. "Simmo, jamani. Hiyo ni miaka mitatu. Nani anakumbuka?"

Siméon akamtazama usoni. Alitazama muda mrefu, akimpa nafasi. Brodie akatoa fulana ya timu mfukoni, ina sahihi yake, akaiweka dirishani kama mtu anayemaliza jambo.

"Bon, sawa," alisema Siméon. "Sitamwambia."

Usiku huo alilala usingizi mzuri.

Jumapili alipanda treni Merrylands, barakoa mdomoni, akabadilisha Parramatta, na kabla ya saa tano asubuhi alikuwa mashineni. Hakuwahi kunoa vile maishani mwake. Alipitisha chuma kwenye jiwe kidogo kidogo, akapiga mafuta, akasugua kwa jiwe laini mpaka mtaro ukang'aa. Kisha akatoa sarafu yake ya shilingi mia, ya kutoka Kigoma, akailaza juu ya makali mawili, ya ndani na ya nje. Sarafu isipokaa sawa, upande mmoja uko juu na mchezaji atayumba. Hii ilikaa sawa.

Kocha Gavin alipita kuchukua viatu vya kikosi. Akasimama.

"Brodie yukoje? Kuna jambo napaswa kujua?"

"Vyuma viko sawa."

"Na mengine?"

"Mimi ni mtu wa vyuma," Siméon alisema. "Miguu muulize mwenyewe."

Kocha akamkazia macho sekunde moja, mbili, halafu mtu akamwita, akaenda. Siméon akasema vya nahodha atavileta mwenyewe. Akatoka karakana navyo, akavipeleka mpaka meza ya mashabiki, akavipindua juu ya maboksi yao ya vikosi.

"Warren. Pima."

"Nini?"

"Weka sarafu. Tazama. Halafu Leanne naye aweke."

Warren akaona haya. Lakini watu walikuwa wanatazama, akavaa miwani, akailaza sarafu, akainama mpaka pua ikakaribia chuma. "Iko sawa," alisema. Leanne akapima. Yule wa dhihaka akapima. Siméon alisubiri mpaka wa mwisho, akachukua sarafu yake, akampelekea nahodha viatu kwenye chumba cha wachezaji.

Aliporudi, Hija alikuwa ametoa kichwa kwenye kidirisha.

"Mzee, unajua kitu wewe."

"Najua."

"Si useme basi."

"Nilisema mwaka ule. Nani alinisikia?"

"Mimi sikuulizi ya mwaka ule." Hija aliteremsha sauti. "Ule ni mguu wa mtu."

"Na hili lilikuwa jina la mtu."

 Mafuta yalikuwa yanachemka nyuma ya Hija, akageuka kuyatazama.

Mechi ilianza saa tisa. Brodie alicheza kwa ujanja, anazungukia kulia tu, anapiga pasi mapema, na Warren akawa anawageukia wenzake kila baada ya dakika: mnaona? Mnaona? Melbourne wakafunga, Currawong wakarudisha. Wakafunga tena, wakarudishiwa tena. Siméon hakuwa akikifuata kile kisahani cheusi kinachopigwa badala ya mpira. Alikuwa anautazama mguu mmoja, kila ulipokanyaga barafu. Alikuwa anautaka uteleze. Asidanganye mtu, aliutaka kwa moyo wake wote.

Zilibaki dakika nne, mbili kwa mbili, Brodie akaachiwa peke yake na kipa. Mahali pale pale, upande ule ule wa goli. Kipa akafunga kulia. Ikabaki kushoto. Brodie akaegemea mguu wa kushoto, na mguu ukakunjika chini yake, na kisahani kikaenda zake polepole mpaka pembeni.

Uwanja ukanyamaza. Vichwa vikageuka, kimoja, vitano, safu nzima, kuelekea dirisha la mnoaji.

"Siyo viatu," Warren alisema, na katika ukimya ule sauti yake ikafika kila mahali. "Mimi mwenyewe nimepima. Viatu viko sawa."

Ndilo neno lenyewe. Siméon alilisikia, akashika ukingo wa dirisha. Kule barafuni Brodie alikuwa ameanza kulia, kilio kidogo kidogo cha mtu anayeuma meno, na mguu wake ulikuwa umeelekea pasipostahili.

Melbourne walifunga dakika mbili baadaye. Hakuna aliyejali sana. Machela ilipita mbele ya karakana, na Brodie akageuza uso akamtazama Siméon.  Mtu wa huduma ya kwanza alikuwa amekikata kiatu cha kushoto kwa mkasi kutoka juu mpaka chini. Akakiacha dirishani, kwa sababu hakujua pengine pa kukiacha.

Mashabiki walipita wakitoka. Warren akagonga dirisha mara mbili kwa kidole, kama kwenye meza yake. "Kazi nzuri, Simmo," alisema. Leanne akamwitikia kwa kichwa. Walikwenda wakibishana nani awe nahodha mwakani.

Siméon akakichukua kiatu. Ndani bado kulikuwa na joto. Akailaza sarafu juu ya makali, ingawa hakuna aliyebaki wa kuiona, na ikakaa sawa. Akachukua kitambaa akaanza kukausha chuma, maana kikiachwa na maji hushika kutu, akakikausha mpaka kitambaa kikalowa, akageuka kwenye kidirisha cha kantini kupokea chai yake.

Kibao kilikuwa kimefungwa. Kwa upande wa pili alimsikia Hija akiosha vikombe, kimoja kimoja, bila haraka.