Bihogo Anakula Wapi

Drani alikuwa na moyo mwema, lakini maswali yake yalikuwa ya askari wa getini: jina, unatoka wapi, unakwenda wapi, haya pita. Kosa halikuwa lake peke yake. Baba yake alikuwa sajini kutoka Arua, mtoto akalelewa kambini, na Kiswahili alichokinyonya huko kilikuwa cha amri. Alipomaliza chuo cha mifugo na kupelekwa Kasese, mwaka wa sitini na sita, alikuja na Kiswahili hicho hicho na pikipiki ya serikali, na vyote viwili vilipiga kelele kuliko mwenyewe.

Mkuu wake alikuwa Daktari Eriya, Mkonzo wa milimani juu ya Bwera, bingwa wa mifugo na mtu asiyependa kushindwa. Daktari alitaka kujua jambo moja tu. Ng'ombe wa kienyeji akinyang'anywa ndama siku ile ile aliyozaa, anateseka au hateseki? Wakubwa wa maziwa walitaka ndama wote wanyweshwe kwa ndoo, ili maziwa ya mama yaende mjini na kwa watu wa mgodi wa shaba. Wao maziwa waliyajua kwenye chai tu, lakini amri ilikuwa yao. Ikiwa mama hateseki, Daktari angeandika hivyo na utaratibu ungeanza mashamba yote. Ikiwa anateseka, ndama wangebaki na mama zao.

Kipimo cha Daktari kilikuwa chepesi, na kwa maoni yangu chepesi mno. "Mwenye majonzi hagusi chakula," alimwambia Drani. "Mnyama hajui kuigiza. Akila, amesahau. Asipokula, anakumbuka."

Mtafiti hatakiwi kulitaka jibu kabla ya kuuliza. Drani alilitaka. Yeye ndiye aliyembeba ndama wa Bihogo, yule ng'ombe mwekundu wa pembe ndefu wa shamba la Bwera, akampeleka zizi la ndama ng'ambo ya ua wa senyenge. Aliporudi, Bihogo alimfuata na kumlamba mkono wa shati, kwa sababu shati lilinuka ndama. Alilamba mpaka kitambaa kikalowa kote. Drani alisimama hapo kama mwizi aliyekamatwa na mali mkononi, na tangu siku hiyo alitamani kwa roho yake yote amrudishie yule mama mtoto wake.

Ila hakuweza kukaa Bwera amtazame. Alikuwa na kundi jingine Karusandara, na barabara ile kipindi cha mvua unaijua. Kwa hiyo kazi ya kumwangalia Bihogo aliiacha kwa mkamuaji, mwanamke mkimbizi kutoka upande wa Beni, ng'ambo ya mpaka. Jina lake la ubatizo lilikuwa Emérance, lakini watu wote walimwita Mama Paluku, na Drani naye akaokota jina hilo. Mama Paluku kwa upande wake alimwita afande, kwa ajili ya ile sauti.

"Mama Paluku, Bihogo namna gani?" Drani aliuliza kila Ijumaa, hata pikipiki hajaizima.

"Iko nalya, afande."

"Sana?"

"Sana. Asubui nalya, mangaribi nalya."

Drani akatikisa kichwa kwa uchungu, akasema, "Pole yake," akapiga pikipiki teke, akaenda. Mama Paluku akabaki anamtazama. Alikuwa ameona mambo mengi ya serikali, lakini mtu wa kumpa ng'ombe pole kwa kushiba hakuwa amemwona. Hata hivyo mkimbizi haulizi sana.

Baada ya Ijumaa kadhaa Drani akapanda kwenda ofisini Kasese, kifua mbele. "Daktari, analia," alisema. "Asubuhi analia, jioni analia. Hajanyamaza."

Daktari Eriya alikuwa ameshika kalamu tayari. "Umemsikia mwenyewe?"

"Mama Paluku amemsikia. Maneno yake haya: iko nalya asubui, nalya mangaribi."

Daktari akaiweka kalamu mezani. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani. "Drani, sisi Wakonzo na Wanande wa ng'ambo, kama yule mama, ni ndugu, lugha yetu moja. Yule mama anachanganya Kiswahili na lugha ya nyumbani. Kulya ni kula. Angetaka kusema analia, angesema nalila. Ng'ombe wako anajaza tumbo, bwana, na wewe unamwombolezea."

Drani alitamani sakafu ipasuke. Aibu aliihisi masikioni, lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kizito zaidi, maana jibu lilikuwa limegeuka. Anakula. Basi amesahau. Basi ndama wote, Karusandara, Bwera na kwingineko, watabebwa siku ya kuzaliwa kama alivyobebwa wa Bihogo.

"Nitaandika jibu wiki ijayo," Daktari alisema.

"Niache nikaangalie mwenyewe kwanza."

"Kaangalie. Ila usiniletee huruma. Niletee ulichoona."

Drani alishuka Bwera na hasira zake, na hasira, kama kawaida, zikamtafuta aliye chini. Alimkuta Mama Paluku anasugua ndoo za maziwa kwa majivu, mtoto wake mdogo Jeanine yuko kando anachezea kifuniko.

"Mbona hukuniambia kulya ni kula? Mimi nimesimama mbele ya mkubwa kama mjinga."

"Uliniuliza, nikakujibu."

"Nilikuambia pole yake, ukanyamaza."

Mama Paluku aliendelea kusugua. Alipozungumza hakupandisha sauti, na Drani ilimbidi ainame ili asikie. "Wewe unaulizaka ngombe. Kila Ijumaa unaniita Mama Paluku, Mama Paluku. Siku moja umeuliza Paluku iko wapi?"

Drani akautazama mlango wa nyumba ya yule mama. Kweli hakuwahi kuuliza. Ndani ya nyumba ile alikuwa ameona mtoto mmoja tu, naye ni Jeanine.

"Waasi walipofika kwetu tulikimbia," Mama Paluku alisema. "Pale Mpondwe, ku daraja, watu beko wengi, wanasukumana. Jeanine iko mu mugongo. Paluku niko namushika mukono. Mukono yake ikatoka mu mukono yangu. Nikageuka, sioni mutoto. Watu wananisukuma tu mbele, mupaka upande huu." Akainamisha ndoo, akamwaga maji. "Wamama wa hapa wakanipa bugali na sombe ya muhogo. Nikalya sahani muzima. Mwanamuke moja akasema, muangalie huyu, mutoto amepotea na yeye nalya. Hana uchungu. Afande, nisipolya, Jeanine atanyonya nini?"

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi naongeza kwamba hata mzazi mwenzio anaweza asiujue, kama anatazama sahani tu. Drani alichuchumaa karibu na ndoo, na kwa mara ya kwanza tangu aje Bwera akauliza swali kwa sauti ya kawaida. "Ulikuwa unawaza nini ukila?"

"Siwazi kitu. Nalya, naangalia daraja."

Drani akainuka. Akatembea hadi malishoni, akaegemea nguzo, akamtazama Bihogo mpaka jua likamhama kichwani. Siku iliyofuata akamtazama tena. Halafu akaenda Kasese, na safari hii hakutanguliza kifua.

"Anakula, Daktari," alisema. "Nimeona kwa macho yangu. Lakini naomba uje uone anakula wapi."

Daktari alinung'unika kwamba kula ni kula, iwe mezani au jikoni. Lakini alikuja na Land Rover yake, akaingia malishoni na viatu vya ofisini. Upande wa kijito majani yalimfika magotini, mabichi, matamu, hayajaguswa. Aliyachuma, akayanusa, akayatazama. Kisha akaufuata ukingo wa senyenge, ule unaoelekea zizi la ndama. Hapo ardhi ilikuwa uchi. Ukanda mwembamba, urefu wote wa ua, majani yameliwa mpaka mizizi, na Bihogo yuko hapo hapo, anang'oa mashina pamoja na udongo, anatafuna, macho hayatoki ng'ambo.

"Mmemfunga?" Daktari aliuliza.

"Hana kamba."

"Mmejaribu kumpeleka kijitoni?"

"Tunamupeleka," Mama Paluku alijibu, maana alikuwa amekuja na ndoo yake. "Anakunywa maji, anarudia hapa."

Daktari Eriya alikuwa mtu asiyependa kushindwa, nimekwisha kusema. Alijaribu mwenyewe. Alimswaga Bihogo kwa fimbo hadi penye majani mazuri, akamwekea mbele ya pua. Bihogo aliyapita, akatembea taratibu kurudi kwenye senyenge, akainamisha kichwa, akaendelea kuguguna mavumbi. Daktari akaitupa fimbo kwenye majani. Miguu ilipomrudisha kwenye ua, alimgeukia Mama Paluku na kumsemesha kwa heshima ambayo Drani hakuwa amemsikia nayo.

"Mama, huyu atasahau lini?"

"Sijue, munganga," Mama Paluku alisema. "Miye bado nalya."

Daktari akamwambia Drani akafungue lango la ndama.