Raba ya Mafuta

Kwa miaka thelathini na moja Abass Dualeh aliuza raba za injini za malori mjini Isiolo, zile za kuzuia mafuta yasivuje. Alizijua kwa vidole. Ukimletea kipande kilichochakaa, angekikunja, angekinusa, angechoma ncha yake kwa kiberiti, kisha angekuambia kimeharibiwa na nini. Madereva walimwita daktari, naye hakuwakataza.

Asubuhi moja ya Februari aliingia dukani Jecinta, mwanamke wa Kiturkana aliyefanya kazi katika kituo cha maziwa ya ngamia. Kituo kilikuwa cha kikundi cha kina mama, na mwenyekiti wao, Sahra, alikuwa binti wa ami yake Abass. Kazi ya Jecinta ilikuwa kuosha mikebe ya maziwa na kuifungia ndani ya tangi la mvuke ili vijidudu vife. Mkononi alishika duara kubwa la raba nyeusi, limekatika mahali pawili.

"Habari ya asubuhi, Mzee."

"Nzuri, mama Joy. Hiyo ni ya nini?"

"Ya kifuniko cha tangi. Nairobi wamesema ingine itakuja baada ya wiki mbili, na jana tumemwaga maziwa yote yaliyotoka Gotu. Mama Sahra amesema wewe hushindwi."

Abass alilikunja lile duara. Aliliona la kawaida tu. Nyuma ya duka alikuwa na bapa la raba ya kahawia, raba ghali aliyokuwa akiitunza kwa ajili ya injini kubwa. Hiyo ilivumilia mafuta yanayochemka na joto la digrii mia mbili. Mvuke wa tangi, Jecinta alimwambia, ulipanda hadi mia na ishirini. Abass hakuwahi kushika kazi ya mvuke, lakini aliona mia na ishirini haifiki popote karibu na mia mbili. Akakata duara jipya, akalisugua kingo, akaenda mwenyewe kituoni kulivalisha. Tangi likafungwa kwa makomeo yake manne, mvuke ukapanda, na hakuna hata uzi mmoja uliotoka. Kina mama wakampigia makofi.

Raba ya Nairobi ilipofika, Sahra alimpigia simu kuuliza kama waibadilishe.

"Wekeni hiyo stoo," Abass alisema. "Yangu ni bora mara tatu."

Mwishoni mwa Machi Jecinta alipita dukani akielekea nyumbani kwake Chechelesi. Alimletea chupa ya maziwa, akaiweka mezani, lakini hakuondoka.

"Mzee, ile raba imekuwa ngumu. Nikifungua, inashika chuma na kubanduka vipande vidogo. Siku hizi lazima nikaze komeo katikati ya kazi, maana inapumua, mvuke unatoka."

Mbele ya Abass alisimama dereva mwenye haraka. "Raba mpya huwa hivyo," Abass alisema huku akimtafutia dereva kitu kwenye rafu. "Inajikalisha. Wewe kaza tu."

"Sawa," Jecinta alisema. "Wewe ndiye unajua."

Siku sita baadaye, saa nne asubuhi, raba ilipasuka chini ya komeo la tatu. Mvuke ulimpata Jecinta usoni, shingoni na kifuani. Alilazwa siku tisa. Abass alikwenda hospitali mara mbili, akasimama mlangoni mwa wodi pamoja na wanaume wengine, akarudi dukani. Siku ya kumi Jecinta akafa. Aliacha mume, Esekon, fundi wa kujenga, na watoto wawili, Joy na Etabo.

Kamati ya kituo ilikaa baada ya mazishi. Komeo la tatu lilikuwa limekutwa limelegea, wakaona hapo ndipo penye jibu.

"Alikuwa mfanyakazi mzuri," Sahra alimweleza Abass kwenye simu. "Lakini siku hiyo aliharakisha, akaanza kufungua kabla mvuke haujaisha. Tumeandika hivyo."

"Mungu amrehemu," Abass alisema, akakata simu.

Hakula mchana huo. Kesho yake alienda kituoni kuomba mabaki ya raba, akapewa ndani ya mfuko. Alipojaribu kukunja kipande, kilivunjika kama biskuti. Alikuwa ameona raba iliyouawa na mafuta, na jua, na uzee. Hii hakuitambua. Akampigia Nairobi mtu aliyemuuzia lile bapa.

"Umeiweka kwenye mvuke?" yule mtu aliuliza.

"Kwenye tangi. Joto lake halifiki hata mia na thelathini."

"Sio joto, Mzee. Hiyo ni raba ya mafuta. Joto kavu inavumilia, lakini mvuke unaingia ndani yake na kuivunja pale ilipoungana. Kwa mvuke watu wanatumia nyeusi, ile EPDM. Bei yake ni ya chini, lakini mvuke hauiwezi. Sasa hiyo nyeusi nayo uiweke kwenye mafuta, itavimba iharibike."

Abass hakutaka kuamini. Alimwomba Sahra kipande cha ile raba nyeusi ya Nairobi iliyowekwa stoo, akachukua sufuria ya presha ya mkewe Hoda, akaweka ndani maji, kipande cheusi na kipande cha kahawia juu ya wavu. Kila siku aliichemsha kutoka asubuhi hadi adhuhuri. Hoda alimtazama siku za mwanzo, kisha akaazima sufuria kwa jirani na kupika nje. Siku ya kumi na nane kipande cha kahawia kilivunjika mkononi mwake. Cheusi kilikuwa laini kama siku kilipokatwa.

Alikaa pale jikoni akiwaza juu ya lile komeo. Jecinta hakuwa akifungua. Alikuwa akikaza, kama alivyoambiwa, na raba ilipotoka chini ya komeo, komeo likalegea lenyewe.

Jumapili alasiri akaenda Chechelesi. Esekon alimpa kigoda, naye mwenyewe akakaa juu ya tofali. Abass alimwekea vile vipande mkononi, akamweleza yote, pamoja na simu ya Sahra kuhusu stoo, na ile siku ya chupa ya maziwa.

"Alikuambia inapumua," Esekon alisema.

"Aliniambia."

"Hata mimi aliniambia. Nikamjibu, kama mzee amesema iko sawa, basi iko sawa." Alikunja kile cheusi, akakiachia. "Joy anaambiwa shuleni mama yake alikufa kwa haraka zake. Ulijua hiyo?"

"Sikujua."

"Sasa umejua. Sitaki mbuzi wako wa fidia, wala pole. Enda uwaambie wale kina mama, na mimi nikiwa hapo. Na waandike."

Mkutano ulifanyika Alhamisi, mbele ya wanawake arobaini. Kabla haujaanza Sahra alimvuta Abass kando.

"Walaal, ndugu yangu, ungeniambia mimi peke yangu. Tungeona la kufanya."

"Yeye mlimsema mbele ya watu wote," Abass alisema.

Akasimama akawaeleza. Mama mmoja wa Gotu alijifunika uso kwa mtandio. Alipomaliza, katibu alifuta mstari wa zamani, akaandika mwingine, akausoma: marehemu alikuwa akikaza komeo kama alivyoelekezwa, raba iliyotumika haikufaa kwa mvuke, na aliyeichagua ni Abass Dualeh. Esekon akaomba usomwe tena. Ukasomwa. Akachukua kofia yake akatoka.

Baada ya siku hiyo baadhi ya madereva walihamia duka lingine. Wengine waliendelea kuja, lakini jina la daktari halikusikika tena. Mtu akimletea kazi ya mvuke, Abass humwambia haijui.

Mwezi wa Juni Esekon aliamua kuwapeleka watoto kwa mama yake kule Oldonyiro, kwa kuwa hakuweza kujenga na kulea peke yake. Asubuhi ya safari alisimama mlangoni mwa duka pamoja na Joy, msichana wa miaka kumi na miwili. Esekon alitoa karatasi, nakala ya ule mstari mpya aliyopewa na katibu.

"Atakwenda nayo shule mpya," alisema. "Weka sahihi."

Abass alitafuta kalamu. Aliandika jina lake, la baba yake na la babu yake, akamkabidhi Joy karatasi. Msichana alisoma hadi chini, taratibu, midomo ikicheza. Kisha akaikunja mara nne, akaitia kwenye begi, na yeye na baba yake wakashika njia ya stendi, alikowangoja Etabo na mizigo.