Ziwa Lilitii Tangazo

Gari la matangazo lilipita Ujiji asubuhi, likisema mvua zimegoma, visima vimekauka, kila mwananchi ahifadhi maji. Spika ilikuwa imeelekezwa ziwani, kwa hiyo ziwa nalo likasikia.

Mchana Bi Kurwa alishuka na ndoo kutafuta maji ya kumwosha pacha wake Doto, aliyefariki alfajiri. Ziwa likarudi nyuma kidogo, kwa adabu, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Akasogea, likasogea. Akaificha ndoo ndani ya kanga, likasogea vilevile. Walioingia kuoga walitoka wakavu, na vumbi lao mwilini. Wavuvi walikaa ndani ya mitumbwi juu ya mchanga, hawaelewi kama wamekwenda kazini au wamerudi.

Bomba la nyumba mpya ya wageni, lenyewe, lilikuwa ndani ya maji, linavuta, linamwagilia bustani ya majani.

Bi Kurwa akaenda kwa Feliksi, mwenyekiti wa mtaa. Feliksi akampa pole, akauliza mazishi ni saa ngapi.

"Mwenyekiti, ziwa linanikimbia mimi, na bomba wanaelewana. Imekaaje hii?"

Feliksi naye alikuwa amechanganyikiwa, ila cheo hakikumruhusu kuonyesha.

"Mama, tangazo lilisema kila mwananchi. Bomba si mwananchi."

Akaeleza kwamba yale majani ni ya mgeni rasmi, anayekuja kuzindua wiki ya kuhifadhi maji, na haifai akanyage vumbi. Bi Kurwa akaomba ndoo moja tu ya bomba.

"Nikikupa wewe, kesho mtaa mzima utakuwa na maiti."

Shehe akasema dini imeliona hilo zamani: maji yakikosekana, vumbi safi linatosha. Bi Kurwa akapiga viganja kwenye udongo, akampaka Doto usoni na mikononi. Doto alikuwa msumbufu wa kuoga tangu walipokuwa wanaogeshwa beseni moja. Safari hii alitulia. Akazikwa alasiri.

Siku ya uzinduzi, pale nyumba ya wageni, kila nyumba ya mtaa ilitakiwa itoe mtu. Viti vilikuwa vya wakubwa; Bi Kurwa akakaa kwenye majani, nyuma kabisa. Ziwa lilisogea mpaka ngazini kusikiliza hotuba, watu wakalipigia makofi. Hotuba ilikuwa ndefu. Majani yalikuwa yamelowa, na kanga zake zikanywa taratibu mpaka zikawa nzito.

Hakuaga. Alipanda makaburini akichuruzika, akasimama kwa Doto, akavua kanga ya juu, akaanza kuikamua kuanzia upande wa kichwa.

Feliksi akamfuata na pikipiki.

"Mama, kumwagilia kumekatazwa."

"Simwagilii. Namwogesha."

Feliksi akafikiri, akaona hilo halikutajwa kwenye tangazo. Akamshikia ncha moja ya kanga mpaka ikakauka. Kisha akaomba radhi, akawasha pikipiki. Jioni ilikuwa inaingia, na majani ya wageni yalikuwa hayajanyweshwa.