Oili ya Baba Nanzia

Jumapili moja, baada ya ibada na wali wa mchana, Nakijwa alisinzia kwenye kiti cha kamba barazani kwake, na pikipiki yake ikamfuata usingizini.

Nakijwa alikuwa mkunga wa zahanati ya juu kabisa ya mlima, huko Upare, ambako njia ni mawe na makorongo, na mama aliyeshikwa na uchungu hufuatwa kwa pikipiki. Ya kwake ilikuwa ya kupandia milima, ndefu na imara, ila shokapu za mbele zilikuwa zimechoka. Kila shimo zilizama mpaka mwisho zikagonga, na kishindo chote kikaishia mikononi mwake. Wiki ile alikuwa amempokea mtoto kwa vidole vyenye ganzi, akambana kifuani kwa viwiko asije akamwangusha. Hakumwambia mtu.

Fundi Elinaza alikwisha kumtajia dawa: springi ngumu zaidi na oili nzito. Springi zililetwa kutoka Moshi, zikakaa uvunguni kwenye karatasi yake. Nakijwa alikuwa na sababu asiyoisema ya kutozifunga. Oili iliyokuwa ndani ya shokapu ilimiminwa na mumewe, Senzighe, Baba Nanzia, muda mfupi kabla hajafa. Koti lake, viatu vyake na redio yake viligawiwa ndugu siku ya kuanua matanga. Oili haikugawiwa, kwa kuwa hakuna aliyeikumbuka.

Basi ndotoni pikipiki inapanda baraza, inaingia chumba cha kujifungulia, inalala kitandani chali. Nakijwa haoni ajabu. Anavaa glavu, anauliza uchungu ulianza lini.

Shokapu ya kushoto inamwamkia kwanza, kwa sauti ya mzee wa kanisa anayesoma matangazo, kisha inajieleza. Wao ni ndugu wawili, na kazi yao ni kuzama na kurudi, basi. Kuzama wanakuweza. Kurudi ndiko kulikowashinda.

Nakijwa anawapa pole. Anawaambia wavute pumzi, kama anavyowaambia wote. Wanajaribu, na pikipiki inazidi kuinama.

"Hatutibiwi kabla ya kupimwa," inasema ya kulia. "Springi huchaguliwa kwa uzito wa mpandaji, pamoja na kila anachobeba."

Chumba kimekuwa ghala la tangawizi. Katikati ipo ile mizani kubwa ya sakafuni wanayopimia magunia, nayo inamwomba Nakijwa apande na pikipiki yake, ajiweke anavyojiweka siku zote. Anapanda. Mizani inasoma taratibu.

"Mkunga mmoja. Buti za mpira. Boksi la chanjo. Mwanamume mmoja."

Nakijwa anasema amekuja peke yake. Mizani inamjibu kwa adabu kwamba yenyewe haibishani na watu, inapima tu.

Anageuka. Senzighe ameketi kwenye keria, amevaa koti ambalo sasa ni la mdogo wake, mikono magotini, kama abiria asiyetaka kumsumbua dereva.

Nakijwa alimuuliza yuko pale tangu lini. Akasema tangu mazishi. Alipanda akitaka kusindikizwa hadi kwenye kona tu, lakini mkewe hakusimama, naye akaona aibu kuomba kushushwa. Kwenye kila shimo alitamani kumwambia apunguze mwendo, akanyamaza, maana aliyekuwa akiongeza uzito ni yeye.

"Unaumia mikono, Mama Nanzia."

"Siumii sana."

"Nilikuona ulivyomshika yule mtoto."

Jambo lile Nakijwa aliwaficha watu wote, na sasa aliyelitaja alikuwa marehemu, tena kwa upole, bila kumlaumu. Ndipo naye akalisema lake. Alimwambia kwamba wakifungua shokapu, kitamwagika kitu cha mwisho alichokishika mumewe hapa duniani.

Senzighe akafikiri kidogo, kama alivyozoea kufikiri kabla ya kukaza nati.

"Ile ni oili tu, Mama Nanzia. Niliiweka ilinde mikono yako. Imechoka, na sasa wewe ndiye unayeilinda."

Anashuka. Mshale wa mizani unarudi nyuma, hauna haraka. Ghala limekuwa uwanja wa nyumbani, mbuzi wanatafuna. Senzighe anafungua shokapu ya kulia kwa vidole vitupu, kama mtu anayefungua chupa ya dawa. Oili inatoka nyeusi, inanuka samaki wa juzi, na inaomba radhi kwa harufu yake. Kisha inauliza, bila kulalamika, itamwagwa wapi.

Senzighe anaiambia haimwagwi. Nguzo za zizi zinaliwa na mchwa. Anakinga kiasi kwenye kikombe, anachuchumaa, anapaka mguu wa nguzo ya kwanza kwa kijiti alichokitafuna ncha, anazunguka pande zote mpaka hapabaki pakavu. Anafuta mikono kwenye koti la mdogo wake. Anamwambia Nakijwa nguzo zilizobaki atazipaka yeye, mwenye nyumba.

Nakijwa alimkaribisha chai. Akasema angependa sana. Mbuzi mmoja akapiga chafya, na Nakijwa akaamka.

Jua lilikuwa bado juu. Pikipiki ilisimama palepale ilipoachwa, pua chini. Nakijwa alilia kidogo, akanawa uso, akampigia simu Elinaza na kumwomba aje, ingawa ni Jumapili. Elinaza, ambaye alikuwa rafiki wa Senzighe tangu ujana, hakuuliza kilichombadilisha mawazo. Alikuja na spana zake.

Shokapu ya kushoto ilitoa oili yake yote. Ya kulia ilitoa pungufu. Elinaza akapitisha kidole kwenye sili, ule mpira unaozuia oili kutoka, akakitazama, akakipitisha tena.

"Shemeji, hii imepungua, na haikuvuja popote. Sili ni kavu kabisa."

Nakijwa alishikilia kopo kwa mikono miwili, akamwomba asimwage hata tone.

Springi mpya zikaingia, oili mpya ikafuata. Elinaza akamkalisha juu ya pikipiki. Mbele ikazama kidogo, ikatulia, naye akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nakijwa akaiteremsha hadi kwenye korongo lililo chini ya kanisa, pale penye mawe makubwa ambapo siku zote yeye huuma meno. Mbele ikazama, ikarudi. Ikazama, ikarudi. Ng'ambo ya pili alisimama, akavua glavu, akakunja vidole na kuvikunjua. Vyote vilikuwa vyake.

Elinaza alipokwisha kuondoka, Nakijwa alichukua kopo la oili chafu na brashi kuukuu, akaenda zizini. Aliinama kwenye nguzo ya kwanza, akasita. Mguu wa nguzo ulikuwa mweusi, umelowa bado, pande zote, hapakubaki pakavu. Akaugusa kwa kidole, akanusa. Samaki wa juzi.

Akachovya brashi, akaanzia nguzo ya pili.