Kura za Karafuu

"Enyi watu wa Wete! Kwa mujibu wa katiba, na kwa ridhaa ya wakubwa wote waliopo na wasiokuwapo, mtajichagulia mjumbe wenu wa Baraza la Mji. Kila mtu mzima, mwanamume kwa mwanamke, afike sokoni Jumatano baada ya alasiri, mkononi ana karafuu moja."

Tangazo hilo tukufu lilibandikwa ukutani kwa uji wa muhogo. Haijafika saa nne, mbuzi alikwisha kuramba uji na kuondoka na mstari wa mwisho.

Mwandishi wake alikuwa Moza, msichana wa miaka kumi na sita, aliyekuja likizo kutoka dahalia, bweni la skuli kule Unguja, mwaka ule wa 1960. Alitaka jambo moja tu: kuwaona wazee waliovaa majoho wakibeba karafuu moja moja kama wabebao mayai. Hakufikiri kwamba bibi yake naye angekuja.

Bibi huyo, Bi Mize, alikaanga samaki chini ya paa la soko. Ijumaa ya wiki ile yeye na wenzake walitakiwa kuhamia uwanjani, juani, kwa shauri la Mzee Abrahman, mjumbe aliyeteuliwa na serikali miaka tisa nyuma na ambaye hajapata kujinunulia samaki hata siku moja. Jumatano Bi Mize alifika, karafuu yake kaifunga kwenye pindo la kanga, akasema naye anasimama.

"Kwa miguu hiyo, Bi Mize?" akamtania Kificho, muuza kahawa.

"Nikikaa mtanihamisha."

Vikapu viwili viliwekwa mezani, kimoja cha Mzee Abrahman, kimoja cha Bi Mize. Mstari ukarefuka hadi msikitini. Moza alikuwa kajibana nyuma ya nguzo, anacheka, mpaka ajuza mmoja alipomshika mkono.

"Mwanangu, naitia wapi? Mimi sijapata kuulizwa kitu."

Kicheko kikamkauka. Akamwongoza taratibu hadi mezani.

Ikaja kazi ya kujua nani kashinda. Pemba karafuu hupimwa. Hakuna aliyewahi kuzihesabu. Pishi ilikuwa kubwa mno, basi Kificho akatoa kikombe chake cha kahawa. Karafuu za Mzee Abrahman zilijaa zikamwagika. Za Bi Mize hazikufika ukingoni. Wapambe wa Mzee wakaanza kupeana mikono.

Bi Mize akaokota moja iliyomwagika, akaitafuna.

"Mbichi hii. Imechumwa leo shambani kwako, Mzee Abrahman. Mbichi hujaza. Zetu kavu."

"Karafuu ni karafuu," akasema Mzee.

"Basi tuzihesabu."

Zikahesabiwa kwa mara ya kwanza kisiwani, na soko zima likahesabu kwa sauti. Mzee Abrahman, mia na thelathini. Bi Mize, mia mbili na kumi na nne. Vigelegele vikapaa, kikaango kikagongwa kama ngoma.

Ndipo Mudiri, mkuu wa serikali pale mjini, alipoingia na tangazo mkononi.

"Hii ni karatasi ya daftari la skuli," alisema. "Nani kaiandika?"

Macho yote yakamgeukia msichana wa dahalia. Moza aliona paa la soko likimponyoka bibi yake. Hata hivyo akatoka nyuma ya nguzo.

"Mimi, Bwana Mudiri. Nilifanya mzaha."

"Basi na uchaguzi huu ni mzaha."

"Tangazo ndilo mzaha, Bwana. Hawa wamekuja kweli."

Mudiri akautazama umati. Hakuna aliyeondoka.

"Mtoto ana adhabu yake nyumbani," alisema Bi Mize. "Wewe niambie, Baraza linakaa saa ngapi?"

Mudiri akakohoa. Akamtazama Mzee Abrahman, kisha akautazama tena ule umati uliokuwa haujatawanyika.

"Kesho, saa tatu. Nitaweka kiti."

Soko likalipuka upya. Katikati ya vifijo Mudiri akamwinamia Moza.

"Na hiyo katiba uliyoitaja, uliisoma wapi?"

Moza akatazama vidole vya miguu yake.

"Sijaisoma, Bwana," alisema. "Nilidhani haiwezi kukosa kusema hivyo."